Mimi Nilikataa, Fomu Ikakubali

Mpendwa mshauri Felista, shikamoo kama wewe ni mkubwa wangu, maana sauti ya redioni haina umri, na kama ni mdogo wangu basi unisamehe mwandiko, mimi niliishia darasa la nne hapa hapa Msangano, naomba unisaidie kabla mwezi haujaisha kwa sababu ukiisha mwanangu anapelekwa kwenye simba, na niliyempeleka ni mimi mwenyewe bila kujua.

Edina yuko kidato cha pili. Shule yao imepanga ziara ya mbuga ya Ruaha, siku tatu, watalala humo humo mbugani kwenye nyumba ambazo Edina anasema hazina uzio, tena anasema huku anacheka, "Mama, tembo anapita mlangoni kama jirani," mimi sahani ya ugali nikaisukuma pembeni. Ikaja fomu ya mzazi. Imeandikwa Ninamruhusu, katikati wameweka kijiti, halafu Simruhusu, na chini kwa herufi ndogo, Futa lisilohusika. Hayo ya chini sikuyasoma, dada. Enzi zetu mwalimu alikuwa anasema pigia mstari jibu sahihi, basi nikachukua kalamu nikapiga mstari kwenye Simruhusu, nikaona haujakolea, nikarudia kwa nguvu mpaka mstari ukapita juu ya neno lenyewe, nikasaini, nikakunja, nikajisemea hapo mwalimu wao Fanueli ameelewa kabisa.

Kesho yake napepeta mpunga, Edina huyo anakimbia, akanirukia shingoni, "Mama asante! Na mimi nilijua utakataa!" Nikaweka ungo chini. Nikaenda kwa jirani yangu Ruti nikamweleza, akacheka mpaka akakaa chini, "Mama Edina, umefuta kukataa, sasa kimebaki nini?" Nikampigia simu baba yake Edina, Zabron, anabeba mizigo mpakani Tunduma, naye, "Si umesaini mwenyewe? Usinichoshe." Mjomba wake Edina wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, kashaleta na raba za safari, binti anazivaa hata kufagilia uwanja.

Sasa nikwambie ambalo Edina halijui. Nilikuwa na mdogo wangu, Ezron. Siku moja mama hayupo, akaniomba aende na wenzake kuoga mto Momba, nikamwambia nenda. Mamba hakutuachia hata shati la kuzika. Tangu siku hiyo neno hilo sijamwambia mtoto yeyote, hata nikimtuma Edina dukani namwambia "haya, wahi." Nimepanga asubuhi ya safari nijifanye naumwa tumbo, nigaegae, najua hataniacha. Au nifiche raba? Niambie dada, maana akibaki ataninunia mwaka mzima, na akienda mimi sitakula mpaka arudi.

Mama Edina, Msangano

*

Mama Edina, marahaba. Mimi ni mkubwa wako, nina wajukuu, kwa hiyo nitakugombeza kikubwa.

Lakini kwanza pole ya Ezron. Ulikuwa mtoto uliyeachiwa mtoto. Aliyemchukua ni mamba, si neno lako.

Sasa hilo tumbo. Liache kabisa! Edina atabaki, atachemsha maji akukande, na wewe utamtazama usoni anavyokukanda uongo wako? Siku ukiumwa kweli nani atakimbia? Na ukificha raba atakwenda pekupeku. Namjua binti wa namna hiyo, nilimzaa mmoja.

Wala sikwambii ukae kimya ili fomu ikushinde. Ruhusa iliyotoka kwa kukosea si ruhusa. Jumatatu acha mpunga, fika shuleni, mwambie Mwalimu Fanueli ukweli: nilitaka kukataa, nikafuta pasipotakiwa. Usione haya, vijiti na herufi ndogo vimewapoteza hata waliosoma kukuzidi. Kisha muulize. Mwalimu gani wa kike analala na wasichana? Mtoto akitaka kwenda chooni usiku, nani anamsindikiza, na ana bunduki? Wanashuka garini wapi, kwa amri ya nani? Wanafika mtoni? La mto uliulize mara mbili, kama ulivyokoleza ule mstari. Akibabaika, omba fomu mpya, futa Ninamruhusu, na mimi niko nyuma yako. Akikujibu ukaridhika, mtoto aende.

Ila kabla hajaenda, mketishe umsimulie mjomba wake Ezron. Binti anayedhani mama yake ni mwoga tu atasogelea maji ili aone kuna nini. Anayejua kilichotokea atakaa mbali, na wenzake atawavuta nyuma.

Asubuhi ya safari umsindikize mpaka mlango wa gari. Neno ulilolifungia miaka yote lisitoke peke yake, litoe na mwenzake: "Nenda mwanangu, urudi." Halafu ule, mama, ukifunga usile, hao simba hawatajua.

Na akirudi, zima redio, hata kama ni mimi ninayeongea, akuoneshe kwa mikono yule tembo alikuwa mkubwa kiasi gani.