Ukurasa Unaomsalimu Mama

Kaka yangu mpendwa,

Leo asubuhi umemsalimu mama tena. Umemwambia Tosamaganga kuna ukungu mpaka mchana, asianike maharage. Na sisi tulikuzika kabla maharage hayo hayajapandwa.

Laptop yako bado ipo juu ya kabati hapa Ilomba, kioo kimepasuka pembeni. Kila kunapokucha inautengeneza upya ukurasa wako wa hali ya hewa na kuutuma mtandaoni, na mama kule nyumbani Tosamaganga anaufungua kwenye simu. Feni ya laptop ikianza kukoroma naogopa, kusema kweli, kwa sababu ndivyo ulivyokuwa unaamka: feni kwanza, halafu kikohozi chako. Napita mlangoni kwako nimeinamisha kichwa.

Mchana ulikuwa unauza spea Uyole, jioni unarudi kwenye laptop na michezo yako. Ulitengeneza saa inayorudi nyuma. Ulitengeneza mraba unaobadilika rangi ukiupigia kelele, ukanilazimisha niupigie mpaka jirani akaja kuuliza kama tunapigana. Nikakuuliza vitu hivi vinamsaidia nani.

"Havimsaidii mtu," ukasema. "Tulia uone."

Ulizozipenda kuliko zote ni zile programu ndogo zisizo na kumbukumbu. Ulinieleza kwa mfano wa mashine ya kusaga. "Ukitia mahindi inatoa unga. Mahindi ya jana haiyajui. Ndiyo uzuri wake, mdogo wangu, haina jana." Siku ile nilicheka. Sasa naielewa vizuri kuliko nilivyotaka: inapewa jina la mama na hali ya hewa, inatoa salamu, basi. Ndani yake hakuna mahali pa kuweka habari kwamba umekufa.

Unakumbuka ulivyoanza? Mama alifungua ukurasa akakuta mvua, upepo na jua, akakupigia simu amekasirika. "Mtu gani anaingia na habari za mvua hajasalimu?" Hukubisha. Ukaweka "Kamwene, mama", na kisanduku cha yeye kuitikia, na hali ya hewa ikawa haifunguki mpaka aitikie. Mama akaridhika, akasema sasa huyu ni mtoto aliyelelewa.

Ndiyo maana sikuthubutu kuuzima. Nilikuwa naona majibu yake yakiingia kila siku, "Kamwene, mwanangu", nikajiambia nikizima nitammaliza. Umeme ukikatika nilihangaika kama mtu mwenye mgonjwa ndani.

Wiki iliyopita nikapanda basi mpaka Iringa, nikaenda kumwambia. Tulikuwa jikoni tunachambua mbegu. Nikasema, mama, anayekusalimu ni mashine, kaka hayupo. Wala hakuinua uso.

"Nilitupa udongo kwa mkono huu. Nitakosaje kujua?"

"Sasa mbona unaitikia?"

"Naitikia kwa ajili yako. Siku nisipoitikia unapiga simu unalia. Nikasema basi, acha nimwitikie, mpaka huyu mtoto apoe." Akapuliza makapi kwenye ungo. "Lakini nimechoka, mwanangu. Kila asubuhi namzika upya. Izime, apumzike."

Nilimkumbatia, nikamwahidi. Njia nzima ya kurudi Mbeya nilikuwa nimeshaizima kichwani.

Tangu hapo mama haitikii. Salamu yako imekaa pale tangu alfajiri, chini yake kisanduku kitupu, na wewe unasubiri kwa adabu ile ile aliyokufundisha mama. Kaka, nimepanda juu ya kiti mara nyingi. Nimeushika waya. Nimeshuka.

Nilidhani nakutunza kwa sababu ya mama. Kumbe mama alikulilia, akamaliza. Mimi bado hata sijaanza.

Kwaheri nitakuambia nitakapoweza.

Mdogo wako