Mwalimu wa Nyikani Anauliza Kuhusu Baridi

Soni, Ijumaa ya Julai. Ukungu umeshuka tangu asubuhi na mpaka sasa, saa kumi jioni, haujainuka. Nimevaa masweta mawili na soksi za marehemu baba, na bado vidole vinagoma kuandika. Lakini leo nina raha. Ni raha mbaya, ile ambayo mtu hawezi kuisimamia kanisani akaitolea ushuhuda.

Mwalimu Mbwana amenitumia ujumbe.

Mbwana ni mlezi wa klabu ya mazingira katika shule moja kule nyikani, chini ya milima yetu, ambako mvua hunyesha siku chache halafu ardhi inakauka mpaka inapasuka. Mimi nalea klabu kama hiyo huku juu. Mwaka huu tulikubaliana watoto wetu watembeleane na wasomee nje, wa kwangu wauone ukame kwa macho yao, wa kwake waione chemchemi inakoanzia.

Sisi ndio tulioanza. Masika yalipokaribia tuliteremka na miche arobaini. Hadija wa darasa la tano aliupakata wa kwake kona zote mpaka chini, hakukubali uguse sakafu ya gari. Tulipofika nikawapanga watoto, wa huku na wa kule, nikawafundisha kupanda kama baba alivyonifundisha mimi: inua tuta, mche ukae juu. Huku kwetu ukiuweka chini maji yanatuama na mizizi inaoza. Hilo Mshambaa analijua kabla hajajua kusoma.

Nyikani ni kinyume chake. Kule unachimba kisahani, mche unakaa chini kabisa, ili hayo maji machache yakija yasimame palepale. Juu ya tuta maji yanakimbia, na kinachobaki jua linakimalizia.

Sikujua. Ni kosa langu na silikatai.

Ila Mbwana alijua. Kazaliwa kule, kakulia kule. Alisimama kwenye kivuli cha mgunga akawatazama watoto wakitokwa na jasho kutwa nzima, akapiga picha, akatabasamu. Mimi mwenyewe nilimfuata nikamuuliza, "Tunakwenda sawa, Mwalimu?" Akanijibu, "Endeleeni tu, Mwalimu, nyie ndio wenye kazi yenu."

Endeleeni tu!

Mwezi Mei tukawa na kikao cha walimu wa mazingira. Akasimama na picha zake. Matuta arobaini yamepangwa vizuri, na juu ya kila tuta kijiti kikavu. "Hawa ni wataalamu wetu kutoka mlimani," akasema, "wametuletea kuni." Ukumbi mzima ulicheka. Na mimi nilicheka, maana ningefanyaje? Halafu nikaenda chooni nikafungulia bomba ili nisisikike nikilia.

Niliporudi shuleni niliwaambia watoto ukweli. Hadija akauliza, "Kwani mwalimu wa kule hakuona tunavyopanda?"

Nilimwambia akafute ubao.

Tangu hapo nina kinyongo na yule baba, na sitaki kuongopa hapa kwamba ninajitahidi kukiacha. Ninakilea. Ananizidi umri, kwa hiyo kila tukikutana lazima nimpe shikamoo, na kila nikiitoa inanikwama kooni kama ugali wa jana. Yeye anaitikia marahaba kwa sauti ya mtu asiyedaiwa kitu na yeyote.

Sasa ujumbe wenyewe huu hapa: "Habari za huko, Mwalimu. Jumatano tunakuja huko kwenu mlimani, watoto thelathini na wawili pamoja na mimi. Hivi hiyo baridi mnayoisema ni kweli au ni maneno ya watu? Tubebe nini?"

Niliusoma mara tatu. Mama alikuwa anachambua maharage pale jikoni, akaniuliza kwa Kishambaa mbona ninaichekea simu kama mwali aliyechumbiwa. Nilikuwa namwona Mbwana na kishati chake cha mikono mifupi na kandambili zake. Watalala madarasani kwetu, juu ya mikeka, na alfajiri tutaingia msituni. Alfajiri ya Julai! Nilimwona anatetemeka mpaka meno yanagongana, nami nimesimama pembeni na kikombe cha chai, napiga picha. Na maneno niliyapata palepale: "Njooni tu, Mwalimu, ni maneno ya watu."

Niliyaandika. Kidole kilikuwa kimeshafika kwenye kutuma.

Kilichonizuia si wema. Niseme kweli, leo sina wema. Nilikumbuka tu siku ile nyikani, jinsi watoto wake walivyochangamka kuchota maji kisimani kwa ajili ya miche yetu, maji ambayo kwao ni ya kuhesabu vikombe. Kuna kasichana kalinivulia kofia yake ya ukili kwa sababu niliungua jua. Hako ndiko kangelala kwenye saruji yetu na kanga moja. Halafu asubuhi, huku kanakohoa, kangeuliza kama mwalimu wa huku hakujua kuna baridi. Na mimi ningesimama pale na picha zangu.

Nikafuta.

Lakini kinyongo hakikufutika. Nilikaa na simu nusu saa nzima, chai ikapoa. Kumsamehe siwezi, kuwaumiza wale watoto siwezi. Nikaanza upya, neno kwa neno, kwa adabu zote nilizolelewa nazo:

"Shikamoo Mwalimu. Baridi ni kweli kabisa. Kila mtoto aje na sweta, soksi, viatu vya kufunika na blanketi. Asiye na sweta nitumie jina lake leo, nitakusanya kwa wazazi wa huku. Kwa watu wazima hakuna shida, baridi yetu inasumbua watoto tu. Wewe njoo kama ulivyo."

Nimetuma.

Amejibu sasa hivi: "Marahaba mwanangu. Una moyo mzuri sana, Mungu akubariki."

Nimeitikia amina.