Nilisema Kweli Msibani, Watu Wakacheka

Dada Yasmin, salamu nyingi kutoka huku Bigwa. Shikamoo kama umenizidi umri, na kama mimi ndiye mkubwa basi marahaba, tusipoteze muda. Naomba unisaidie maana nina jambo limenikaa kooni na mimi si mtu wa kukaa na jambo kooni, muulize yeyote huku kwetu, mtu akinunua godoro jipya mimi najua kabla hajalitoa nailoni, wananiita Redio na wala sikasiriki, redio si inasikilizwa jamani. Shule niliishia la nne, kwa hiyo mwandiko ukikushinda mpe mwenye miwani.

Kuna dada mmoja tumwite Eufrazia, si jina lake, usihangaike kumtafuta. Ana kiwanda cha batiki hapa chini ya mlima, karibu na kijito kinachoshuka kutoka juu Uluguru. Kiwanda nasema mimi, ni banda la bati na kamba nyingi za kuanikia, lakini dada wa watu alianza na beseni moja na leo ana wanawake wamejaa pale, wengi wameachwa na waume zao, na mwanangu Cecilia ni mmojawapo. Eufrazia hana roho mbaya, hilo lijue kabla hujaanza kumsema. Ukijifungua unalipwa ukiwa nyumbani kwako, mtoto akiugua unaruhusiwa, niambie nani mwingine anafanya hivyo huku. Na tangu mwanzo alisema maji ya rangi hayatakwenda kijitoni, akachimba shimo, chini kokoto, juu yake mkaa, juu yake mchanga, maji yanaingia meusi yanajichuja taratibu ardhini. Wageni wakaja wakaona, hoteli moja ya mjini ikaona, wakasema hii ndiyo biashara inayojali mazingira, mashuka na vitambaa vyetu vya meza tutachukua hapa hapa.

Mimi kazi yangu pale ni mdomo, kweli kabisa. Wageni wakija Eufrazia ananiita, nawapokea, nawachekesha, nawaonyesha magome na kokwa za parachichi tunazochemshia rangi, halafu nawapeleka shimoni nasema, "Hapa halitoki hata tone la kwenda mtoni!" Wanapiga picha, wananunua, napewa changu naondoka naimba.

Sasa oda zikazidi. Kokwa za parachichi zikawa hazitoshi, zikaletwa rangi za unga za dukani na yale magadi makali yanayounguza vidole, na shimo nalo likaziba, likawa linafurika hadi uani kwa jirani. Badala ya kuchimba jingine Eufrazia akanunua bomba, likapitishwa chini ya migomba mpaka kijitoni. Mvua ikinyesha na kijito kikageuka rangi ya udongo wanafungulia, nani ataona? Nimejuaje? Nilimkuta Cecilia anajipaka mafuta mikononi, ngozi imechunika, nikamuuliza glovu ziko wapi, akasema zilitoboka zamani, halafu akaanza kulia. "Mama, mimi ndiye ninayefungulia lile bomba. Dada akisema fungua, nitasema sifungui?" Dada Yasmin, mimi na domo langu lote siku ile nilikwenda kuchochea moto ambao tayari ulikuwa unawaka vizuri tu.

Chini ya hapo kuna Mzee Pazi, analima mchicha na figiri, anamwagilia kwa maji hayo hayo. Mboga zake sote tunakula, zinakwenda mpaka sokoni mjini. Siku hizi nikinunua kwake namtupia mbuzi, na hata mbuzi ananusa kwanza. Miche yake ya karibu na maji imeungua kingo, yeye anadhani ni ugonjwa, anapulizia dawa, haiponi, anapulizia tena.

Sasa sikia nilichofanya, ndiyo hasa sababu ya barua hii. Alifariki mjomba wake Eufrazia, na mimi na Eufrazia ni watani, lukolo la kwao na la kwetu, yaani koo zetu za upande wa mama, tumetaniana tangu mabibi na mabibi. Kwetu mtani msibani hashikwi neno. Tunalala njiani jeneza lisipite mpaka tupewe chochote, tunamuiga marehemu alivyokuwa anatembea, tunawasema wafiwa wazi wazi na hakuna ruhusa ya kununa. Nikajiambia, hapa ndipo pa kusemea, nitasema mbele ya watu wote, Eufrazia atasikia na hawezi kukasirika, Mzee Pazi atasikia, kazi imekwisha, mwanangu amepona. Nikachukua beseni, nikakoroga maji na rangi ya buluu, nikajitwisha, nikapita katikati ya waombolezaji natikisika.

"Njooni mnunue maji ya Eufrazia! Yametoka kwenye bomba la migombani, yanakwenda kwa Mzee Pazi, mchicha unaota ukiwa umeshavaa batiki!"

Walicheka, Dada Yasmin! Walicheka mpaka bibi mmoja akashikiliwa asianguke. Mzee Pazi akapiga makofi, "Nyie watani nyie, mtakuja kutuua!" Nikasema, "Mzee wangu, nasema kweli, usimwagilie yale maji." Ndio akazidi, "Msikieni huyu, ati anasema kweli!" Eufrazia alinitazama kidogo, kidogo tu, halafu akacheka kuliko wote, akanipa soda. Kesho yake akaniletea kitenge kizuri, akasema, "Mtani wangu, umetufuta machozi." Nikapokea. Ningefanyaje, kitenge chenyewe kina dosari gani?

Basi tangu siku ile mambo yameharibika zaidi. Nikimwambia jirani kwa sauti ya chini kwamba lile bomba lipo, anapasuka, "Ile ya beseni? Hebu rudia na ule mtikisiko!" Mzee Pazi akiniona tu anaita, "Mchicha wa batiki!" anacheka, huku ameshika keni anamwagilia. Hakuna anayeniamini, na wala siwezi kuwalaumu, mimi mwenyewe nimewafundisha kunicheka.

Na Jumamosi hii wale wa hoteli wanakuja na kamera. Eufrazia ameniambia nivae kile kitenge, nisimame penye shimo, niseme yale maneno yangu ya tone, yatakwenda kwenye simu za watu dunia nzima. Nikisema, Mzee Pazi ataendelea kumwagilia na sisi kula. Nikikataa, Eufrazia atajua nimeambiwa na Cecilia, na oda ikikatwa wale wanawake wote watarudi kukaa majumbani, na mwanangu ndiye mwenye mkono kwenye bomba, akikamatwa je? Nifanye nini, dada yangu? Nijibu haraka kabla ya Jumamosi, na jina langu usiliweke gazetini, ingawa najua watanijua tu.

Mama Redio, Bigwa

*

Marahaba, mama. Nimekuzidi umri, kwa hiyo nitakusema bila kukuzungusha.

Kwanza pole kwa binti. Mpeleke zahanati mikono ikaangaliwe, na asishike tena yale magadi mpaka apate glovu nzima. Kazi inayomlipa mzazi akiwa nyumbani ni kazi nzuri, lakini haimpi mwenye kiwanda ruhusa ya kumchuna mtu ngozi.

Sasa wewe. Umesema kweli mahali pekee ambapo watu wote wamekubaliana kutoichukua kuwa kweli. Mtani ana ruhusa ya kusema chochote, na anayesikia ana ruhusa ya kusahau akifika nyumbani. Ulilijua hilo, na ndiyo sababu ulipachagua. Ulitaka kusema bila mtu kukuuliza, "Una hakika?" Na kitenge ukakipokea. Unaniuliza kina dosari gani? Dosari yake ni kwamba kuna mtu mmoja pale msibani ambaye hakudhani unatania, na huyo ndiye aliyekuletea. Kirudishe, hata kama umeshakishona.

Eufrazia simwiti mtu mbaya. Alichimba shimo wakati hakuna aliyemlazimisha. Kosa lake ni kwamba biashara ilikua na shimo likabaki vile vile. Oda ambayo shimo lako haliwezi kumeza maji yake si oda ya kupokea, na kama umeipokea unamwambia mteja asubiri. Yeye ameamua mteja asisubiri, aumie Mzee Pazi, tena bila kumwambia.

Nenda kwake kesho asubuhi, kabla wanawake hawajafika. Mchukue Cecilia, na mchukue mtu wa kwao anayemheshimu, shangazi yake au mtu mzima mwingine wa upande wa baba yake ambaye hamtaniani. Huyo awepo ili ijulikane mmekuja kwa shughuli. Usimwite mtani. Mwite kwa jina lake. Mwambie bomba unalijua, mikono ya mtoto umeiona, miche ya mzee umeiona, halafu nyamaza. Najua hapo ndipo pagumu kwako. Atajaribu kukuchekesha. Nyamaza hivyo hivyo.

Akishatulia mwombeni haya: bomba ling'olewe, mchanga na mkaa uliochoka utolewe, shimo la pili lichimbwe mbali na kijito, na afisa afya wa kata aitwe aseme kama mashimo yanafaa, kwa sababu kokwa za parachichi ni jambo moja na rangi za dukani na magadi makali ni jambo jingine kabisa. Hadi hapo maji yakae kwenye mapipa, na vitambaa vipungue. Na hoteli aiambie yeye mwenyewe kabla ya Jumamosi. Akiwaambia yeye, atakuwa na oda iliyochelewa. Wakija kujionea wenyewe, hatakuwa na oda kabisa, maana walikuja kununua yale maji yasiyokwenda mtoni, vitambaa wangepata popote.

Akikataa, Jumamosi usisimame mbele ya kamera hiyo. Nenda ofisi ya serikali ya mtaa, ukiwa na Cecilia, aseme kwa kinywa chake kwamba aliagizwa. Unaogopa atakamatwa. Mtoto aliyekwenda mwenyewe kusema anasikilizwa tofauti na yule aliyekutwa ameshika bomba. Wewe na yeye mkiendelea kunyamaza, mnamwandalia hilo la pili.

Na unaniambia wanawake watakosa kazi. Inawezekana kwa muda, na ni jambo zito, silidharau. Lakini katika barua yako yote ndefu hujasema hata mara moja kwamba Mzee Pazi naye yuko kazini. Ile ni kazi yake. Wale wanaonunua mchicha sokoni nao wana watoto, na hawana mbuzi wa kuonja kwanza.

Kwa hiyo hayo ya kesho ni ya kesho. La leo ni moja. Ukimaliza kusoma hapa weka gazeti chini uende bondeni kwa huyo mzee. Usiende na beseni, usiende na mtikisiko. Mwamkie, mwombe mkae chini, mwambie aache kumwagilia maji ya kijito na asiuze ile mboga ya karibu na maji mpaka ikaguliwe. Mshike mkono umpeleke migombani, alione bomba kwa macho yake.

Njiani atacheka. Wewe usicheke.