Mpaka Ndege Ilale

Jumatatu, 11 Agosti 2025

Mwanangu Stefania kapiga simu. Anakuja Jumamosi — na anakuja na ndege, anairusha mwenyewe! Marubani wa ndege ndogo kutoka mikoa mbalimbali watakutana hapa kwetu, kwenye kile kiwanja cha majani cha misheni ya zamani. Nimemuuliza kama kutakuwa na mwanaume pembeni wa kumsaidia. Kacheka. Eti ni yeye na begi lake tu.

Nimekwenda kusaga ulezi, nimerudi jioni. Pale mashineni hakuna asiyejua sasa. Mwenye mashine kajitapa kwamba hata mwanawe yuko Dar. Nikamwambia ndiyo, yuko Dar anapanda basi.

Nimekumbuka mbali. Ndege ya misheni ilisikika kabla haijaonekana, ikitokea upande wa ziwa, inatuletea sista mganga. Sisi watoto mbio! Teodori — hata hajanichumbia bado, kaptula imechanika nyuma — ndiye alikuwa anafukuza ng'ombe kiwanjani. Na mama yangu alimtandikia yule sista khanga yake nyekundu apite juu yake. Ya kutokea alikuwa nayo hiyo tu. Ninayo mpaka leo, sandukuni.

Basi nimekubaliana na akina mama wa jumuiya: Stefania hakanyagi majani. Khanga tupu, kuanzia ndege itakaposimama mpaka kwenye turubai la wageni. Jirani yangu Epifania anakusanya.

Jumatano, 13 Agosti

Tumeitwa kiwanjani kuelekezwa. Msimamizi wa usalama ni kijana, Valerian. Shikamoo yake nzuri, masharti yake mengi. Imevutwa kamba kando ya kiwanja, hakuna kuivuka mpaka mtu aitwe. Ng'ombe wasionekane. Kofia zishikwe mkononi. Ndege za kwanza zimeshafika, zimefungwa kwenye vigingi kama ndama, maana upepo wetu huu wa Agosti unaweza kuzipindua.

Nikauliza habari ya khanga. Kasema hapana mama, hata leso. Nikamwambia nimeona khanga zikitandikwa hapa hapa yeye hajazaliwa! Katabasamu tu. Hilo ndilo limeniudhi.

Nimempigia Stefania amnyooshe. Kanisikiliza mpaka mwisho. Halafu kasema: "Mama, khanga moja ikinaswa na propela, nimekwisha. Nitandikie nyumbani, mlangoni kwetu."

Mlangoni! Nani atamwona mlangoni? Kuku?

Wenzangu sijawaambia. Kesho.

Ijumaa, 15 Agosti

Sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria. Kanisa limejaa. Padri katangaza habari ya ndege, kasema na binti yetu yumo. Watu wote wakanigeukia. Namshukuru Mungu nilivaa kitenge kipya.

Baada ya Misa wakaja nyumbani na khanga zao, zimefuliwa, zimepigwa pasi ya mkaa. Epifania kaleta mpaka ile aliyotunzwa siku ya harusi yake. Nikafungua mdomo niseme. Nikaishia kuwakaribisha chai.

Nami nikatoa ile nyekundu ya mama, nikampa Epifania aibebe pamoja na zao. Bado inanuka sanduku. Nikamwona Teodori wangu, Mungu amrehemu, kambeba Stefania shingoni pale kiwanjani, mtoto anatupa miguu anataka kuishika ndege. Baba yake kamkamata vifundo vya miguu, anambembeleza: tulia mwanangu, mpaka ilale. Mpaka ilale kabisa.

Angekuwepo kesho!

Jumamosi, 16 Agosti

Naandika hapa hapa kiwanjani. Siwezi kukaa bure, bora nishike kalamu.

Nilichelewa kwa sababu ya kuku wa Stefania, hakuiva upesi. Kufika, nakuta wenzangu wameshavuka kamba na kutandika! Khanga zote, pale ndege zinapopita kwenda kuegeshwa. Na kwa ajili ya upepo wamezigandamiza kwa mawe. Mawe! Valerian alikuwa kule mwisho, anakaza kamba za ndege.

Mara nikasikia. Upande wa ziwa, kama zamani. Kisha nikaiona, nyeupe, ndogo, inayumba kwa upepo. Wenzangu wakaanza vigelegele.

Hapo ndipo nilipokumbuka vizuri. Mama yangu alitandika ndege ikiwa imelala. Imezimwa, propela imesimama kabisa, Teodori keshaifunga. Miaka yote hii nimekumbuka khanga, nikasahau kwamba tulisubiri.

Nikapiga kelele waziondoe. Epifania kashangaa.

"Mama Stefania, si wewe uliyetuambia tutandike?"

"Ni mimi. Na Jumatano nilikatazwa, nikawaficha. Toeni!"

Kainama, akaanza kukusanya. Wote wakainama. Ile nyekundu ya mama, kuondolewa jiwe tu, upepo ukaichukua mpaka katikati ya njia ya kutua. Stefania alikuwa ameshuka chini sana, hata kichwa chake nilikiona kwenye kioo. Injini ikanguruma, ndege ikapanda tena, ikapita juu yetu. Nilijikuta nimepiga magoti.

Sasa nimezikalia khanga zote, rundo zima. Valerian anaikimbiza ile nyekundu. Akiinama, inaruka. Hakuna anayepiga vigelegele.

Epifania kaja. Kakaa kwenye rundo upande wa pili, kanipa mgongo. Ila kakaa kwa uzito wake wote.

Valerian kaipata! Kaisokomeza ndani ya shati, katoka mbio njiani. Wengine bado wanapapasa kwenye majani. Hakuna mwenye hakika kama mawe yameisha.

Ndege imegeuka kule juu ya mashamba. Inarudi. Upepo haujapungua hata kidogo. Nazidi kukandamiza, na mgongo wa Epifania umegusa wangu.

Mpaka ilale, mwanangu. Mpaka ilale ka—