Viazi vya Shira Kutoka Rongai

Mama,

Umenifanyia nini?

Nilikuwa nimepanga nikuandikie kwa adabu, nikuanzie na salamu, nikuombee rehema, nikwambie Idi imetukuta wazima. Haya, Idi imetukuta wazima, na Mungu akurehemu. Sasa niambie umenifanyia nini, maana nimekaa hapa juu ya kitanda chako tangu tumalize kula, na nyumba nzima inanukia viazi vyako vya shira. Na si mimi niliyevipika.

Ngoja nipange mambo. Nikieleza ovyo nitalia, na nikilia mdogo wangu Rukia ataingia kuuliza.

Tangu utuache, Rukia ameng'oka meno ya mbele na hakubali kulala bila ile kanga yako yenye pindo jekundu. Kuifua hataki. Anasema nikiifua nitakuondoa. Baba anakula nusu sahani, anasema ameshiba, kisha unamsikia uani akiongea na lori lake. Mama Atieno wa nyumba ya pili bado anapaza sauti juu ya ua, "Mama Zena, umeamkaje?", halafu anakumbuka, anaingia ndani bila kungoja jibu. Mimi ndiye nimekuwa mwenye nyumba. Nachota maji, nafua, namsuka Rukia, nampigia kelele aoge. Juzi nilimfokea kwa sauti yako kabisa, mimi mwenyewe nikashtuka nikageuka kuangalia nyuma.

Wale wa Naivasha waliokuja kuniposa, ulipokuwa bado unaweza kukaa kitako ukawapokea, nilimwambia Baba awaambie watafute kwingine. Athumani ni mtu mzuri, sikatai. Lakini nani angemlea Rukia? Baba aliguna tu.

Halafu kabla ya mwezi wa Ramadhani kuandama, Baba akaniita. Akasema, "Zena, tukishakula Idi, Halima atahamia hapa. Nyumba haiwezi kukaa bila mtu mzima." Nikamuuliza, kwani mimi ni nani, paka? Nikamwambia siku yule wa Rongai atakapovuka kizingiti hiki, mimi namchukua Rukia tunapanda gari moshi mpaka Mombasa kwa mama mkubwa, na hatatuona tena. Sikuwa natania, Mama. Nguo nilishazikunja, sanduku lilishajaa, liko mlangoni mwa chumba chetu mpaka sasa.

Na ungeniambiaje nifanye vingine? Wewe ndiye uliyenifundisha kumchukia! Tangu Baba alipomwoa mpaka unakufa, jina la Halima halikupita mdomoni mwako. "Yule wa Rongai." "Yule wa Rongai hata mchele hajui kuosha." "Yule wa Rongai amesilimu juzi, pilau ataijulia wapi?" Kwenye matanga yako alikaa karibu na mlango, na mimi nikapitisha kahawa mbele yake nikiangalia ukuta. Nilidhani unaniona, na kwamba unafurahi.

Basi, jana. Siku ya mwisho ya mfungo, na mimi nimeapa mtaa wote wa Bondeni utakula viazi vyako kama kawaida, sahani kwa sahani, vikae ubavuni mwa pilau, watu waone nyumba ya marehemu haijalala. Nilitaka Baba aone pia. Nilitaka akionja aseme basi, hakuna haja ya mtu mwingine hapa.

Nilifanya yote niliyokuona ukifanya. Nikanunua viazi vya ngozi nyekundu sokoni, vigumu, visivyo na kidonda. Nikamenya, nikakata vipande vya unene wa kidole gumba. Nikapika shira ya sukari na iliki, ganda la ndimu, kijiti cha mdalasini. Moto wa taratibu, vile unavyopenda. Sikukoroga. Nilikusikia kabisa sikioni, "Kiazi cha shira hakikorogwi, Zena, kinatikiswa sufuria," nikashika sufuria kwa matambara nikaitikisa kama mtoto anayebembelezwa.

Vikapondeka. Mama, vikapondeka vyote! Nilifunua nikakuta uji. Uji mtamu wa rangi ya udongo, na kijiti cha mdalasini kinaelea. Nimefunga, siwezi hata kuonja, nasimama pale nikiangalia tu. Nikavimwaga nikaanza tena na viazi vilivyobaki, nikapunguza maji, nikapunguza moto. Uji tena. Nikakaa chini kwenye sakafu ya jiko nikajiuliza ni kipi nilichokosa, na mara hiyo hiyo nikakumbuka kwamba kila mwaka, viazi vikishakatwa, ulikuwa unanituma. Kila mwaka. Mara nikaazime ungo kwa Mama Atieno, mara nikamtafute Rukia ambaye hajapotea. Nikirudi, viazi viko ndani ya shira tayari. Miaka yote hiyo sikuwahi kuona ajabu. Nilikuwa nafurahi kutoka nje.

Leo asubuhi Baba akaenda kuswali Idi. Mimi nikapakua pilau, nikaacha ile rojo jikoni imefunikwa, aibu tupu. Ndipo nikasikia hodi.

Alikuwa yeye, peke yake. Alikuwa amepanda basi la kwanza kutoka Rongai, na siku hizi za hali ya hatari basi linasimamishwa njiani, askari wanashusha watu wanafungua mizigo. Bakuli lake, kubwa kama beseni, lilikuwa limefunguliwa huko njiani, kitambaa kimefungwa upya ovyo. Hakuvuka kizingiti. Alisimama nje akanyoosha mikono na lile bakuli, akasema, "Idi njema, Zena. Mimi sikuja kugombana."

Nilikuwa na maneno yangu tayari. Tangu Ramadhani ianze nilikuwa nayaandaa. Lakini harufu ilinifikia kabla sijafungua mdomo, na Rukia akapita chini ya mkono wangu, akafunua kitambaa, akatoa kipande kwa vidole. Kipande kizima, Mama. Kimesimama chenyewe, kinang'aa, juu kigumu kidogo kinalia kwenye meno, ndani laini. Akatafuna. Akatuangalia sisi wote wawili, akasema, "Vya Mama."

Halafu akauliza kama umerudi.

Sijui nilishika mlango au mlango ulinishika. Nilichukua kipande nikala. Nikamuuliza yule mwanamke, nadhani nilipiga kelele, nani amekufundisha? Nani? Akaniangalia kama mtu anayenionea huruma, akasema, "Mama yako. Hakukwambia?"

Hakukwambia! Mama, nilikaa pale pale kwenye kizingiti.

Akanieleza akiwa amesimama juani, maana hata kiti sikumpa. Kwamba ulikwenda Rongai. Kwamba siku ya kwanza alikuona unateremka kwenye basi akadhani umekuja kumpiga, akashika mwiko. Kwamba uliingia jikoni kwake bila hodi, ukaangalia vyombo vyake kimoja kimoja, ukasema, "Hizi ndizo sufuria unazompikia mume wangu?" Kisha ukavuta kigoda ukakaa, ukamwambia, "Menya viazi."

Nilijua hapo hapo hasemi uongo. Nani mwingine angesema hivyo?

Na akasema ulirudi, ukarudi tena, mpaka uliposhindwa kabisa kupanda basi. Mama, hizo zilikuwa siku za hospitali! Ulikuwa unaniaga hapa, umejifunga buibui, unashika tumbo, unasema unakwenda kwa daktari. Nilitaka kukusindikiza ukanikatalia, ukasema foleni ni ndefu, nani atabaki na Rukia. Ukirudi jioni umechoka huna rangi, nakuuliza daktari amesema nini, unajibu, "Amesema nipumzike." Daktari gani? Ulikuwa Rongai, kwenye jiko la mwanamke usiyetaka hata kumtaja jina, unatumia nguvu zako za mwisho kumfundisha shira!

Nikamuuliza, basi mlipatana? Akacheka kidogo. "Kupatana? Hakunipenda hata siku moja. Alinifokea kuliko mama yangu mzazi. Siku ya mwisho alisema mkono wangu mzito na sijui kupima iliki. Lakini akasema vitafaa."

Nikamwambia, niambie basi na mimi kile cha mwanzo, kile kinachofanywa kabla ya moto. Akaangalia viatu vyake. Akasema ulimwapisha, kwa jina la Mungu, kwamba anaweza kumfundisha mtu yeyote duniani ila mimi. Na alipokuuliza sababu ulimjibu, naandika kama alivyosema: "Zena akivijua hivi, atajiona ameshakuwa mimi. Atafunga mlango, amlee mdogo wake mpaka azeeke humo ndani, na Naivasha hatakwenda. Mwache ashindwe. Wewe hakuna mtu atakayekufungulia mlango. Viazi watavifungulia."

Mwache ashindwe.

Mimi binti yako! Niliyekupikia uji, niliyekugeuza kitandani, niliyekushika kichwa mpaka mwisho. Ulikuwa umelala hapa hapa, unaniangalia nikihangaika, na moyoni umeshapanga kwamba nitashindwa jikoni mwako siku ya Idi, mbele ya mtaa mzima, ili mlango ufunguke kwa mtu mwingine. Sijawahi kukukasirikia hivi ulipokuwa hai. Nimekukasirikia leo na nimekutamani leo, vyote kwa pamoja.

Nililia, nakiri. Nililia vibaya, kamasi na yote. Na yeye, ndipo akavuka kizingiti. Mimi sikumkaribisha, lakini sikusogea kumzuia pia. Alichuchumaa kando yangu akasema, "Zena, kiapo hiki kinanichoma. Kama unataka nitakwambia sasa hivi, halafu nitafunga saumu iwe kafara ya kiapo changu, Mungu anajua."

Nikamwambia, "Usiniambie."

Usiniulize kwa nini. Nilijisikia nikisema kabla sijafikiri. Rukia alikuwa ameshakaa karibu naye, mdomo umejaa, anamwonyesha mapengo yake, na yeye anayaangalia kwa makini pengo moja moja kana kwamba amekuja kwa kazi hiyo tu. Baba akarudi kutoka msikitini akatukuta watatu sakafuni na bakuli katikati. Alivua kofia, akachukua kipande, akageukia ukuta. Mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Tukapeleka sahani. Mama Atieno aliposikia harufu alipiga yowe, "Yesu wangu, Mama Zena!" Kisha akala amesimama, machozi yanamtoka, akaomba nyingine. Hakuna nyumba iliyokosa. Na walionisifu mimi niliwaambia si mimi, ni Halima, mke wa Baba. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kutamka jina hilo, na halikunikwama.

Baada ya chakula niliosha vyombo. Bakuli lake lilikuwa tupu, na unajua bakuli la mtu halirudishwi tupu. Nikaja huku kwenye sanduku lako kutafuta kitambaa safi na kitu cha kuwekea, na chini ya nguo zako nikakuta kopo. Nikalifungua. Chokaa ya tambuu, kopo limebaki robo.

Mama. Nyumba hii hakuna mtu anayetafuna tambuu.

Basi ndiyo hiyo. Chokaa, maji yake, viazi vinalowekwa vikaze kabla ya shira. Hata mimi si mjinga kiasi hicho. Nilikaa na kopo mkononi nikacheka peke yangu kama mwendawazimu, mpaka Baba akagonga kuuliza kuna nini. Nikamwambia hakuna kitu. Nikalifunga nikalirudisha. Kisha nikaenda jikoni nikalifuta lile bakuli, na sikuweka kitu ndani yake. Nililipanga kabatini pamoja na vyombo vyetu. Halima alikuwa mlangoni, akaniona. Aliingia akaanza kusugua sufuria yangu ya rojo iliyogandia.

Nguo zangu nitazikunjua kesho. Baba nimemwambia atume salamu Naivasha, na kama Athumani ameshapata mwingine, basi, nitameza hilo pia. Usidhani nimekusamehe. Halima naye sijui nitamwita nani. Mbele ya watu nitasema Mama Mdogo. Moyoni mnipe muda, wewe na yeye.

Sasa pumzika, Mama, kazi umeimaliza, na ahadi yangu ni hii: chokaa ile sitaigusa. Wakwe wakiniuliza mbona binti yako hajui viazi vya mama yake, nitawaambia sikufundishwa, na nitasema bila haya. Na kila Idi nitapanda basi nije hapa kula, mimi mgeni kwenye nyumba niliyozaliwa, nipige hodi, na mlango anifungulie yeye.

Mwanao,
Zena