Sauti Niliyompangia Mke Wangu

Jumamosi, Nachingwea. Mvua imenyesha tangu alfajiri, na kelele za bati zilikuwa nyingi mno kurekodi chochote kwa maiki. Nikaona ndiyo siku ya kuunganisha ile kibodi ya midi. Sasa ni jioni, kumekauka, na moyo wangu ni mzito.

Niieleze kwa asiyeijua. Ni kibodi ndogo isiyo na sauti yake yenyewe. Unaichomeka kwenye kompyuta, na kila unachobonyeza kinatuma amri tu. Programu ya kurekodia ndiyo inayotoa mlio, iwe kinanda, filimbi au ngoma. Juu ina vitufe vya kuzungusha, na pembeni pedi za mpira za kugonga kwa vidole.

Niliinunua kwa ajili ya Felista, mke wangu.

Felista ni wa Nanganga. Alikuwa akiongoza kwaya parokiani, na kwenye harusi za huko kwao, hata Matambarale, walimfuata aende kuimba. Mwaka huu alifanyiwa upasuaji wa goita. Daktari alitueleza mapema kwamba mshipa wa sauti unaweza kuguswa. Tulikubali, maana uvimbe ulishaanza kumbana pumzi. Alipona, ila sauti haikurudi. Anaongea kwa mkwaruzo mdogo, na kuimba hawezi kabisa.

Mimi kazi yangu ni kurekodi. Nimerekodi kwaya za watu, kaswida za vijana wa madrasa, mpaka tangazo la muuza mbegu linalopigwa siku za mnada. Felista sikumrekodi. Alikuwa akiimba jikoni, ukuta mmoja tu kutoka kwenye maiki yangu, nami nikijiambia yeye yupo, tutafanya siku kazi zikipungua.

Nilichobaki nacho ni ujumbe mmoja wa sauti yake kwenye simu: "Baba Neema, usisahau vitunguu."

Basi.

Leo nikamwandalia zawadi. Nilitafuta ndani ya programu sauti ya mwanamke anayeimba "aaa", nikaipanga kwenye kibodi. Vitufe vya kuzungusha nikavifundisha kimoja kimoja: unachagua kitu kwenye skrini, unaiambia programu ijifunze, unazungusha kitufe, vinafahamiana. Cha kwanza nikakipa kazi ya kupandisha sauti, kingine mwangwi, kingine ule mtetemo wa koo. Asubuhi nzima iliishia hapo, na niliifurahia. Niliona nimempatia njia ya kuimba tena.

Nikamwita. Akafuta mikono kwenye kanga, akakaa, akabonyeza mara moja. Mwanamke tusiyemjua akaimba "aaa", laini, safi.

Felista akautoa mkono kama aliyegusa sufuria ya moto.

"Huyu nani?"

Nikaanza kueleza mambo ya programu. Akanikatiza.

"Baba Neema, umeniletea mtu mwingine ndani ya nyumba aimbe mbele yangu."

Hakulia. Angelia, ningejua la kufanya.

Kisha akaminya pedi moja kwa kidole. Haikutoa mlio. Akauliza ni za nini, nikamwambia za ngoma.

"Zifanye zilie."

Nikamfuta yule mwanamke. Nikaweka ngoma. Pedi zikagoma: taa zinawaka, mlio hakuna. Kumbe zilikuwa zikituma kwenye chaneli ya kumi, nami niliiambia programu isikilize ya kwanza tu. Nikaifungulia chaneli zote. Ngoma ikalia, lakini ikichelewa nyuma ya kidole chake, akasonya. Nikarudi kwenye mipangilio ya sauti, nikapunguza ule muda wa kusubiri, mpaka kidole na mlio vikaenda pamoja.

Akapiga. Alianza polepole, kisha mapigo ya wimbo wa Kimwera ambao mama yake huuimba akitwanga. Sikujua vidole vyake vinayajua hayo. Miaka yote hii nilidhani namjua.

"Nirekodi?" nikamuuliza. Akaitikia kwa kichwa.

Baadaye tukaisikiliza. Ngoma tupu. Pale ambapo sauti yake ingeingia palikuwa wazi, na sote wawili tulipasikia.

"Imba wewe," akasema.

Mimi siimbi. Nina sauti ya kuita bodaboda, na Kimwera changu ni cha sokoni. Lakini mvua ilikuwa imekatika, sikuwa na kisingizio. Nikasimama mbele ya maiki, nikaanza. Sikufika mwisho wa ubeti. Akanyoosha mkono, akasimamisha rekodi, akaniinua kidevu kwa kiganja, kama alivyokuwa akiwafanyia wanakwaya wake.

"Juu zaidi. Rudia."

Nimerudia mpaka amechoka yeye kunisikiliza.

Sauti ya Felista sitairekodi kamwe. Leo ndiyo nimelikubali hilo, na linauma kuliko siku ya hospitali, kwa sababu ya siku ile hayakuwa mkononi mwangu, kumrekodi kulikuwa. Kesho baada ya misa amesema nikae tayari. Ubeti wa pili, anasema, ndio mgumu.