Mchunga, Si Mchungu

Msafiri, nilisikia kikohozi nyuma yangu kabla sijamwona mwenyewe. Laiti ningalinyamaza mapema!

Unaijua ile Zaburi ya zamani ya Pangani, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, irabu hakuna hata moja. Leticia anayeitafiti kaniita niisome mbele ya watu, eti mimi mshairi. Nikasoma kwa madaha: "Mungu kwangu ni mchungu."

Mchungu!

Badala ya kushtuka nikapandwa na jazba. "Mfasiri huyu Kiswahili hakukijua! Kamtukana Mungu!"

Leticia akaniuliza, "Mbona hukusoma mchanga, tukajengee?" Ukumbi mzima kicheko. Ni mchunga, Msafiri. Mchunga, yaani mchungaji! Herufi ni zile zile.

Ndipo kile kikohozi. Nikageuka: Mzee Yasini.

"Mfasiri huyo ni babu yake baba yangu. Mtaa mzima ulimsusa kwa kuwasaidia wamisionari. Leo nimekuja nisikie akisifiwa."

Nilitamani ardhi inimeze. Nikamshika mkono, watu wote wanasikia:

"Nisamehe, mzee. Kesho nitasimama hapa hapa niisome upya, na jina lake nitalitaja kabla ya langu."